Nani Raia, na Raia Ana Wajibu Gani?



Muhula uliopita, jioni moja ya kiangazi, tulikuwa tumepanga ndoo zetu bombani kama ilivyo desturi. Maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo, nanyi mwajua jinsi maji yalivyo na thamani juu ya uwanda huu wa Makonde. Wanafunzi wawili wakagombania zamu. Mmoja alipoona ameshindwa kwa hoja akamwambia mwenziwe, "Wewe Mmawia, rudi kwenu ng'ambo ukachote maji ya Ruvuma!" Watu wakacheka. Aliyeambiwa hakucheka. Alichukua ndoo yake tupu akaenda zake bwenini.

Baadaye wengine walisema kuwa ule ulikuwa utani tu. Mimi nasema haukuwa utani. Utani una watu wake na mipaka yake, tena mtaniwa hujibu akamrudishia mtani wake. Maneno yale yalikuwa na maana moja tu: kwamba yule mwenzetu si wa nchi hii, wala hana haki ya kupanga ndoo yake pamoja na zetu. Hayo ni mambo ya uraia. Na kwa kuwa ni mambo ya uraia, hayakatwi bombani kwa sauti kubwa, bali hukatwa kwa sheria. Basi nimeona yafaa niandike machache juu ya jambo hili, maana nadhani wengi wetu tunalitamka neno "raia" kila siku pasipo kulipima.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Raia ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake lilikuwa na maana ya watu walio chini ya mtawala, kama kundi lililo chini ya mchungaji. Mkoloni alipokuja alitaka raia wa namna hiyo: watii, walipe kodi, wanyamaze. Si wote waliokubali. Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa huku kwetu uwandani, aliandika barua kwa Kiswahili kumjibu kamishna Mjerumani Wissmann, akakataa kwenda kuinama mbele yake. Aliishindana nguvu ya Wajerumani kwa miaka mingi, na mwishowe alivuka Ruvuma akakimbilia upande wa Wareno. Leo neno ni lile lile, lakini maana imegeuka. Raia wa nchi huru hatawaliwi tu. Yeye mwenyewe ni sehemu ya utawala. Huchagua, huchaguliwa, huhoji na hujibu. Kwa hiyo deni lake ni kubwa kuliko deni la yule wa zamani, maana yule alidaiwa utii peke yake.

Pili tutazame hii ng'ambo tunayoitaja kwa dharau. Mtu akisimama Newala pale Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma lote likienda mpaka Msumbiji. Mto ule ulikuwako tangu kale, lakini haukuwa mpaka wa nchi mpaka Wajerumani na Wareno walipopatana mwaka 1886 huko Ulaya, wala hapana mzee wa Kimakonde, wa Kimakua au wa Kiyao aliyeitwa kutoa shauri. Waulizeni wazee wenu wa Masasi na Newala, watawaambia kuwa wengi wa Wamakua na Wayao walihamia upande huu kutoka kusini ya mto katika karne ya 19. Wamakonde nao husimulia kuwa asili yao ni Ndonde, huko huko upande wa Ruvuma. Na mji wa Masasi je? Mwaka 1876 Askofu Steere wa Misioni ya UMCA alileta pale kikundi cha watumwa waliokombolewa, waliotoka Unguja, nao walikuwa watu wa makabila mbalimbali walionyakuliwa makwao. Hao ndio waliojenga misioni ya Masasi. Basi ikiwa kutoka mahali pengine ni dosari ya kumwondolea mtu uraia, nani atakayebaki huku kwetu kufunga mlango?

Waliokuja nyuma yao walikuja kwa sababu zinazojulikana. Wengine walikimbia kazi za shokoa na kodi za Wareno, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wengine walikimbia risasi baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na zaidi baada ya FRELIMO kuanza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964. Serikali yetu iliwapokea, ikawapa makazi kama yale ya Rutamba katika Lindi, na wapiganaji wao wakapata mafunzo Nachingwea. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 wengi walirudi kwao kwa furaha. Lakini wengine walikuwa wamekwisha kuoa, wamepanda mikorosho, wamezika watu wao huku, nao wakabaki. Wajukuu wa hao ndio tunaosoma nao dawati moja.

Je, sheria yasemaje? Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana watu wengi hubishana pasipo kujua. Sheria tunayoitumia ni Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Nayo inataja njia tatu. Ya kwanza ni uraia wa kuzaliwa. Katika kuutekeleza, Idara ya Uhamiaji haitazami tu mahali mtu alipozaliwa, bali hutazama pia kama baba au mama yake alikuwa raia wa Tanzania. Ya pili ni uraia wa kurithi, ambao ni wa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi aliye raia. Ya tatu ni uraia wa tajnisi, yaani mgeni kuomba na kukubaliwa kuwa raia.

Anayeomba tajnisi lazima awe mtu mzima wa miaka 18 au zaidi. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema, awe amelisaidia taifa na aweze kuendelea kulisaidia, tena awe na nia ya kukaa huku daima. Akikubaliwa huukana uraia wake wa kwanza na kula kiapo cha utii, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Neno la mwisho ni la Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Na hata akiisha kuupata, aliyepewa uraia kwa tajnisi anaweza kunyang'anywa kama aliupata kwa udanganyifu au akiivunja imani aliyoiapia.

Ndugu wasomaji, isomeni tena orodha hiyo kisha mniambie: ni wapi imeandikwa chale za usoni? Ni wapi imeandikwa lafudhi, au jina la ukoo, au rangi ya ngozi? Hapana hata moja. Jambo hili lilikwisha kuamuliwa kabla ya uhuru. Mwezi wa Oktoba 1961, Baraza la Taifa la Tanganyika lilipojadili muswada wa uraia, walikuwako wajumbe waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere, wakati ule Waziri Mkuu, alipinga kwa nguvu zote, akasema Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Muswada ukapita. Kwa hiyo tarehe 9 Desemba 1961 tulipopandisha bendera, nchi yetu ilikuwa imekwisha kuamua kuwa kipimo cha uraia ni sheria na uaminifu. Anayemfukuza mwenzake bombani kwa sababu ya sura yake amerudi nyuma ya mwaka 1961.

Lakini sitaki msomaji adhani kuwa nawatetea upande mmoja tu. Wako wasemao, "Wewe wasema maneno matamu, lakini mpaka wetu una hatari." Ni kweli. Tangu Oktoba 2017 kuna vita vya wauaji katika jimbo la Cabo Delgado, na mwezi wa Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya katika mkoa wetu huu wa Mtwara. Basi askari au afisa wa Uhamiaji akimwuliza mtu katoka wapi, babu yake ni nani na mtendaji wake wa kijiji ni nani, hafanyi uonevu. Anafanya kazi tuliyomtuma. Serikali isiyojua watu wake ni nani haiwezi kuwalinda. Ninachokipinga ni kuwa kila mtu ajifanye afisa wa Uhamiaji na kutoa hukumu kwa kumtazama mtu usoni. Adui aweza kuwa na sura ya nyumbani kabisa, na raia mwema aweza kuwa na jina la ng'ambo. Ndiyo maana tunahitaji ushahidi na maandishi.

Tena natoa lawama kwa wale wenye mashaka juu ya uraia wao ambao huficha. Wako watu, si huku tu bali mikoa yote ya mpakani, ambao badala ya kwenda ofisini na kusema kweli hukodi mtu ajifanye baba yao, au humpa mzee fedha kidogo ashuhudie kuwa walizaliwa kijijini kwake. Wanadhani wamepata njia ya mkato. La! Wamejifunga kamba shingoni. Kusema uongo ili upate uraia ni kosa la jinai, na uongo huo humfuata mtu anapoomba kitambulisho cha Taifa, anapoomba pasi, na zaidi siku atakapogombea nafasi yoyote ya watu. Na yule mzee aliyepokea fedha ameuza kitu kisicho chake, maana uraia ni mali yetu sote. Afadhali njia ndefu ya tajnisi kuliko njia fupi ya uongo.

Watu watasema njia hiyo ndefu ni ngumu na ada yake si ndogo kwa mkulima. Nakubali, na ningependa Serikali ifikirie namna ya kuwapunguzia mzigo wazee waliokaa huku tangu siku za vita vya ukombozi. Hilo si jambo geni kwake. Wakimbizi wa Burundi walioingia nchini mwaka 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliahidiwa uraia mwaka 2010, na tangu mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti vyao. Jumla yao walikuwa kama 162,000. Mataifa machache sana duniani yamefanya jambo kama hilo kwa mara moja. Nao walitakiwa kuukana uraia wa kwanza, kama sheria inavyotaka.

Tena tunao mfano ulio wa damu yetu wenyewe. Tangu miaka ya 1930 Wamakonde wengi walikwenda Kenya, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huko Kwale, na wengine wakaishi kwa kuchonga vinyago. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 hawakuandikishwa. Wakakaa miaka zaidi ya 50 bila kitambulisho. Fikiri maana yake: hawakuweza kuandikishwa kazi ya haki, wala kufungua hesabu benki, wala kuandikisha shamba, wala kupiga kura. Watoto wao walizaliwa katika hali ile ile, na wajukuu vilevile. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Aliwapokea, akawaomba radhi, akaagiza waandikishwe. Na mwezi wa Februari 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nimekitaja kisa hiki ili tuone jambo moja. Wale waliokuwa wakiambiwa Kwale "rudini kwenu" ni ndugu zetu sisi wa Newala. Tukisikia hivyo tunaumia. Basi twawezaje kumtamkia mwenzetu maneno yale yale?

Sasa nageukia sisi tunaojiona raia pasipo shaka yoyote, na hapa ndipo penye neno langu kubwa. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hiyo humhusu mgeni, lakini nauliza, na mwenyeji asiyeshika jembe tumwite nani? Sheria humtaka mwombaji wa tajnisi aonyeshe tabia njema, aonyeshe amelisaidia taifa, ajue lugha, ale kiapo. Kama siku moja sisi tuliozaliwa raia tungepangwa mstari mmoja tukaulizwa maswali hayo hayo, ni wangapi wangefaulu?

Hata mila zetu zinajua jambo hili. Kijana wa huku hakuhesabiwa mtu mzima kwa kuzaliwa tu. Aliingia jandoni, msichana naye unyagoni, wakafundishwa heshima, kazi na wajibu wao kwa jamaa. Akitoka ndipo alipopewa nafasi katika baraza. Mtoto alizaliwa wetu, naam, lakini utu uzima aliupata kwa mafunzo. Uraia nao uko hivyo. Kuzaliwa humpa mtu haki. Wajibu lazima ajifunze na autende.

Katiba yetu ya mwaka 1977 imeutaja wajibu huo kwa wazi. Ibara ya 25 yahusu kufanya kazi. Ya 26 kutii Katiba na sheria. Ya 27 kulinda mali ya umma. Na ya 28 kulinda uhuru na umoja wa taifa. Nitaueleza kwa mambo ya huku kwetu, ili usibaki maneno ya kitabuni.

Kufanya kazi maana yake si kungoja ajira ya ofisini tu. Mwanafunzi anayelala darasani huku mzazi wake anapalilia korosho ili alipe gharama za shule, amevunja wajibu wake mbele ya mzazi na mbele ya taifa.

Kutii sheria maana yake pia ni kuacha biashara ya kangomba, ambayo wengi wetu tunaifumbia macho kwa kuwa wafanyao ni wajomba zetu. Humpa mkulima fedha kidogo wakati wa njaa, kisha huzichukua korosho zake kwa bei ya kutupa, nje ya chama cha msingi na mnada. Mkulima hunyonywa, na halmashauri hukosa ushuru ambao ungejenga zahanati. Mtu wa kangomba aweza kuwa na kitambulisho cha Taifa mfukoni. Lakini kwa matendo yake amemdhuru raia mwenzake kuliko yule kijana wa bombani aliyeitwa Mmawia.

Kulinda mali ya umma huanza hapa hapa shuleni. Nani alivunja koki ya bomba letu muhula wa kwanza? Hapana mtu wa ng'ambo aliyekuja usiku kuivunja. Tuliivunja wenyewe, kisha tukagombania matone.

Na kulinda taifa si kazi ya jeshi peke yake. Ni pamoja na kutoa habari ya kweli kwa mtendaji au polisi unapoona jambo la hatari, na kukataa kuwa shahidi wa uongo. Ni pamoja na kujiandikisha na kupiga kura utakapofika miaka 18, badala ya kukaa kijiweni kulaumu viongozi uliokataa kuwachagua.

Basi, ndugu zangu, maneno pasipo matendo ni upepo. Nina mashauri matatu, yote yawezekana kutendwa katika likizo inayokuja.

La kwanza, kila mmoja akae na babu au bibi yake, aandike daftarini majina ya ukoo mpaka kizazi cha tatu, mahali kila mmoja alipozaliwa, na mwaka ukijulikana. Wazee wanaondoka, nao wakiondoka huenda na ushahidi wote.

La pili, kila mmoja atazame kama wadogo zake wana vyeti vya kuzaliwa. Mtoto aliye chini ya miaka 5 huandikishwa na kupewa cheti bila malipo katika zahanati au ofisi ya kata. Mzazi asiyejua kusoma huenda hajui hayo. Wewe unayejua, mwambie, tena mfuate naye. Mashaka mengi ya uraia huanza siku mtoto alipozaliwa na hakuna aliyeandika.

La tatu, kama katika jamaa yako kuna mwenye shaka, mshauri aende ofisi ya Uhamiaji ya wilaya aseme kweli yote, hata kama ni kweli nzito. Nawe usimcheke.

Juu ya yule mwenzetu wa bombani, napenda mjue kuwa mwezi huo huo yeye ndiye aliyekwenda kumwita fundi, akamshikia taa mpaka koki ikatengenezwa, nasi sote tukachota maji. Sikuuliza karatasi za babu yake zikoje. Hiyo ni kazi ya ofisi, na ofisi itaamua kwa sheria. Lakini nikijiuliza siku ile ni nani kati ya wale wawili aliyetenda wajibu wa raia, jibu ninalo, nanyi mnalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita